Ipe Bahari Mgongo

Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mwaka 2024, gari likaweza kutoka Miritini hadi Pwani ya Kusini bila kupanda feri ya Likoni, swali lililokuwa limelala limeamka tena: mtu akitaka nyumba ya kukaa, anunue Malindi au Diani? Wanaouliza ni wastaafu wa Nairobi, vijana walioko Ghuba wanaotuma akiba nyumbani, na jamaa zangu wawili watatu wanaodhani kwamba kwa kuwa nilishawahi kulibeba swali hili, basi jibu ninalo mfukoni. Ni kweli nililibeba. Kuanzia 2015 hadi 2018, kiinua mgongo kikiwa benki na madalali wakinijua kwa jina, nilikuwa kama mtu anayeposa nyumba mbili kwa mpigo. Mengi ya miaka ile hayafai kusimuliwa. Ni jua, matatu, na majumba yaliyopendeza zaidi kwenye picha. Lililobaki na faida ni kosa moja la hesabu nililolifanya mimi, na ninaloona likifanywa upya sasa kwa ajili ya ile barabara. Nilikuwa nikipima bahari kwa bahari, ilhali bahari ndicho kitu pekee kisichokuwamo katika mauzo.

Nianze na hiyo bahari, maana ndiyo inayowalevya watu. Ukiziweka fukwe hizi mbili mbele ya hakimu asiye na haraka, Diani inashinda na haina haja ya wakili. Mchanga wake ni mweupe na laini, mwamba wa matumbawe umekaa mbele kama ukuta, mawimbi huvunjikia huko nje, na maji yanayofika ufuoni yamekwisha tulia. Tuzo za kimataifa za utalii ilizozoa mwaka baada ya mwaka hazikuwa za kuhongwa. Malindi ina jambo ambalo dalali halitaji mpaka aulizwe, nalo ni mto Sabaki. Mto huu huanza kwa jina la Athi huko bara karibu na Nairobi, hupita Ukambani, huitwa Galana ndani ya Tsavo, kisha huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi ukiwa umebeba udongo wa mashamba yote ulikopita. Wakati wa kusi mkondo huusukuma udongo huo kuelekea Ngomeni, na ghuba ya Malindi hupata nafuu. Kaskazi ikianza kuvuma mkondo hugeuka, tope likashuka kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Na kaskazi ndio msimu wa wageni. Malindi basi huvaa kanzu chafu siku ileile ya harusi. Mnunuzi anayefika Desemba huona maji ya rangi ya chai ya maziwa, akageuza gari. Mimi niliigeuzia mgongo Malindi kwa sababu hiyo hiyo, mwaka mzima.

Nilichokuwa sijajiuliza ni kama kile ninachokiona kutoka barazani ndicho ninachokilipia. Sicho. Kanuni za upimaji nchini Kenya husema kwamba serikali inapopima ardhi yake iliyo ufuoni ili igawiwe watu, kwa kawaida iache ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ukanda huo na mchanga ulio chini yake ni wa wananchi, na mvuvi wa Mwaepe ana haki nao sawa na mwenye jumba la ghorofa. Kuna ploti nyingi za zamani ambazo ramani zake hufika hadi majini, na wanunuzi huzikimbilia kwa sababu hiyo. Lakini mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi unaopaswa kusomwa na kila mwenye ndoto ya geti linalofungukia baharini. Kiwanja kilikuwa Nyali, Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati na alikuwa amelipa. Mahakama ikarudi nyuma hadi mgao wa kwanza kabisa, ikaona kwamba ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa nafasi ya wazi ya umma, na kwamba hati iliyozaliwa na mgao wenye kasoro haisafiki kwa kupita mikono mingi, hata kama wa mwisho aliipokea kwa nia njema. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba ardhi inavyokaribia maji ndivyo historia yake inavyohitaji kuchimbwa, na ndivyo bei inavyompofusha mnunuzi asichimbe. Uamuzi huo ulikuwa bado mbali nilipokuwa nikitafuta, lakini mwishoni mwa mwaka wa kwanza nilikwisha acha kusimama nikiitazama bahari. Nilianza kuipa mgongo na kutazama kilicho nyuma.

Kilicho nyuma, kwanza kabisa, ni maji ya kunywa. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na maji baridi ya mvua huelea chini yake juu ya maji ya chumvi. Ukichimba kisima karibu na ufuo na kuvuta kwa pampu kila siku, jirani naye akavuta, hoteli nayo ikavuta, bahari hupanda kuziba pengo. Chai huanza kuwa na ladha, sabuni ikakataa kutoa povu, na birika likajenga ukoko mweupe ndani. Matundu hayohayo hupitisha kinachotoka chooni, na nyumba nyingi za fukwe zote mbili hutegemea tangi la septiki lililochimbwa hatua chache kutoka kisimani. Hapa ndipo Malindi ilipoanza kunivuta. Maji yake ya mfereji hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki, vilevile vinavyoilisha Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mto uleule unaoichafua picha ndio unaojaza mtungi. Upande wa Diani maji ya bomba hutegemea hasa visima vya Tiwi, na nyumba nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa na kisima chao, pampu yao, na namba ya simu ya lori la maji iliyoandikwa kwa chokaa ukutani nyuma ya jiko. Namba ile ukutani ilinifundisha zaidi ya maelezo yote ya dalali, kwa kuwa hakuna anayeandika ukutani namba anayoihitaji mara moja kwa mwaka.

Atakayepinga atasema maji ya Baricho nayo hukatika, na atakuwa na haki. Bomba ni refu na la zamani, na deni la umeme wa pampu limewahi kuiacha mifereji ya Pwani ikikoroma hewa tupu. Sidai kwamba Malindi ni chemchemi. Ninachosema ni kwamba kukatika kwa maji yanayotoka mtoni ni tatizo la usimamizi, na kuingia kwa chumvi kisimani ni tatizo la ardhi. La kwanza tangi la lita 10,000 linalipunguza makali na kura inaweza kulimaliza. La pili huongezeka kadiri majirani wanavyoongezeka, na kwa Diani ya leo majirani wanaongezeka.

Jambo la pili lililo nyuma ya bahari ni hati, na hapa hakuna mji uliotoka safi. Ardhi ya ukanda huu ina historia yake peke yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati kwa ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyeweza kujitokeza na kuthibitisha kwamba shamba ni lake binafsi alipewa cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na mbari, waliamka siku moja wakiwa wageni chini ya minazi waliyoipanda babu zao, na ndiyo maana neno skwota halijakoma midomoni mwa watu wa Pwani hadi leo. Malindi ilirithi kutokana na hayo kitu ambacho mtu wa bara hukisikia akadhani ni kitendawili: nyumba bila ardhi. Unanunua kuta, paa, milango na hata kisima, kisha kila mwezi au kila mwaka unamlipa kodi ya kiwanja mwenye shamba, ambaye pengine ni mrithi wa mrithi anayeishi nchi nyingine. Makaratasi hutengenezwa vizuri na mashahidi hutia sahihi, lakini benki haitaikubali nyumba hiyo kuwa dhamana, na mwenye shamba akiuza ardhi kwa tajiri mwenye haraka, utabaki na mawe. Mji wa kale wa Malindi na mitaa iliyouzunguka ina nyumba nyingi za namna hiyo, na bei zake huwa tamu kwa sababu hiyo hasa.

Diani haina sana kitendawili hicho, ina chake. Ploti zake kubwa kati ya barabara na bahari nyingi ziligawiwa miongo kadhaa iliyopita, wakati ambapo kujuana kulikuwa na nguvu kuliko kanuni, na baada ya uamuzi wa 2023 kila mmiliki wa ploti hizo ana sababu ya kulifungua tena faili. Kuna pia misitu ya kaya. Kaya Kinondo, iliyoko papo hapo Diani, imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, na mpaka wake haujadiliwi na mpimaji wa kukodi. Sheria za nchi ni zilezile miji yote miwili: ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 vijijini, na asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99, Katiba ya 2010 ikisema hivyo katika kifungu cha 65. Hilo la mwisho nawakumbusha jamaa walioko Muscat na kwingineko ambao uraia wao umebadilika bila wao kufikiria shamba la mama. Basi kwenye hati hakuna mshindi. Kuna wakili wako mwenyewe, asiyeletwa na dalali, na kuna subira ya kwenda mwenyewe kwenye sajili ya ardhi.

Kilichoniamulia hatimaye ni jambo la tatu, gumu kuliweka kwenye jedwali. Malindi ni mji. Vasco da Gama alipofika 1498 aliukuta ukiwa na mfalme na biashara yake, na ingawa ulianguka na kuinuka mara nyingi baadaye, haukuacha kuwa na umbo la mji: soko, misikiti, mahakama, hospitali ya serikali, fundi cherehani, fundi wa pampu, mahali boti zinapopakua samaki na watu wanaojua bei ya jana. Diani ni barabara. Ni barabara nzuri, yenye kivuli, sambamba na ufuo, hoteli zikiwa upande wa maji, na mbega wanavuka juu ya vichwa vya magari kwa madaraja ya kamba waliyotengenezewa ili wasigongwe barabarani. (Tumbili na nyani nao wapo, na hao hawana adabu ya mbega, dirisha la jikoni lisilo na wavu ni mwaliko.) Lakini sukari na kinyozi viko Ukunda, ng'ambo ya pili, na ndiko wanakolala wengi wa wale wanaoifanya Diani iwe Diani mchana. Kijana mwenye gari hilo halimpi shida. Mimi nilikuwa nanunua nyumba ya kuzeekea, na mtu wa miaka 75 huhesabu hatua kwa namna ambayo wa miaka 50 hawezi kuidhania. Rafiki mmoja alinijibu kwamba basi ninunue Ukunda kwenyewe, na hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu limekubali hoja yangu nzima: limeipa bahari mgongo. Anayenunua Ukunda kwa macho wazi simwonei huruma hata kidogo.

Turudi kwenye ile barabara, maana najua ndiyo iliyowafanya watu wasome hadi hapa. Katika hesabu zangu za 2016 niliikata Diani alama nyingi kwa ajili ya kivuko. Aliyekuwa mtu mzima Pwani mwaka 1994 hasahau Mtongwe, Aprili ile, feri ilipopinduka na watu 272 wakafa umbali wa kurusha jiwe kutoka gatini. Hata baada ya hesabu hizo, mwaka 2019, gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likazama na mama na mtoto wake. Mgonjwa wa usiku, foleni ya Ijumaa, injini iliyozimika katikati ya mkondo: yote hayo niliyaandika upande wa hasara, na ni haki yafutwe sasa. Nimeyafuta. Ila Malindi ilikwisha kupita njia hiyo. Hadi 1991 safari ya Mombasa kwenda Malindi ilikuwa na kivuko chake cha Kilifi. Mwaka huo daraja likafunguliwa, na watu wakasema kila kitu walichosema juu ya Dongo Kundu. Daraja lilileta wageni na kupandisha ploti. Halikuzuia hoteli kadhaa za Malindi kufungwa miaka ya baadaye, Waitaliano waliokuwa uti wa mgongo wa biashara walipopungua. Barabara humfikisha mtu tu, na akishafika hubaki na bomba, hati na jirani. Isitoshe, bei ya Diani imekwisha kuila barabara hiyo mpya. Anayenunua leo humlipa mwenye ardhi faida ya lami ambayo mlipa kodi ndiye aliyeigharamia.

Wapo watakaosema nimesahau pesa. Nyumba ya Diani, wanasema, hujilipa: unaipangisha kwa wageni Desemba na Agosti, unakaa mwenyewe miezi iliyobaki. Hesabu hiyo niliifanya, na kwa karatasi inapendeza. Lakini nyumba inayojilipa ni biashara ya hoteli yenye vyumba vitatu, na mwenyewe ndiye meneja, msafishaji na mlinzi. Mwaka 2014 serikali za ng'ambo zilipowatahadharisha raia wao wasije Pwani, vyumba vilikaa vitupu kaskazini na kusini bila upendeleo. Mwaka 2020 korona ikafanya yaleyale. Aliyenunua nyumba ya kukaa aliendelea kukaa. Aliyenunua nyumba ya wageni kwa mkopo alijifunza jinsi riba isivyofunga msimu. Sisemi biashara ni haramu. Nasema ni swali jingine, na mtu akiyachanganya maswali mawili hupata jibu la lile lenye kelele.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema kidogo, kwa sababu chumvi haibagui. Katika kila jengo nililolikagua pamoja na fundi tulianza mahali pamoja: chini ya kibaraza cha ghorofa, upande unaopigwa na upepo wa kusi. Hapo zege hupasuka kwa mstari mwembamba, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ukisikia mlio wa debe tupu, nondo ndani imeota kutu, imevimba, inalisukuma zege kutoka ndani. Bandiko linalodondoka lina upande mmoja wa rangi nyeupe ya juzi na upande wa pili wa kahawia kama tambuu iliyotemwa. Rangi mpya kwenye nyumba ya ufuoni inayouzwa ni jambo la kutiliwa shaka kuliko rangi kuukuu. Niliona haya Diani na Malindi kwa kipimo kilekile, na nikaona pia kwamba mita 800 tu kutoka majini, nyuma ya minazi na mitaa miwili ya nyumba, mstari ule ulikuwa nadra.

Nilinunua Malindi, mtaa wa nyuma, robo saa kwa miguu kutoka baharini. Kuna wanaoniambia kwamba hizi zote ni falsafa za mtu aliyeshindwa bei ya mbele. Kwa sehemu ni kweli, wala sioni aibu. Kipato nacho ni ushahidi, na mara nyingi ndicho hukulazimisha kufikiri. Lakini hata waliomudu mbele, hapa kwetu, mambo hayakuwakalia walivyopanga. Udongo ule wa Sabaki hauishii kuyapaka maji rangi. Hutua, hurundikana, na miaka inavyopita umeisukuma pwani ya ghuba nje zaidi. Ipo nyumba moja ya zamani ninayopita kila nikienda sokoni kwa njia ya chini. Ngazi zake saba za mawe zilijengwa zishuke hadi kwenye maji ya bamvua. Sasa zinashuka hadi kwenye mlakasa na vichaka, kisha mivinje iliyojiotea yenyewe, na bahari iko ng'ambo huko, inasikika tu. Mwenye nyumba ameweka nguzo za waya mpya mbele ya ngazi, kuutia ndani mchanga uliozaliwa. Asubuhi moja nguzo zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa chini kwa mpangilio. Kesho yake zilikuwa zimesimamishwa tena.